Michezo minne chuoni, mmoja uliompa ugali: Jackie Robinson alivyokuwa

Mwalimu mmoja wa michezo ameniandikia kutoka Mbozi:

"Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha michezo katika shule ya sekondari. Nina binti wa kidato cha pili anayeshinda kuruka chini, anakimbia mita 100 na 200, na ndiye mfungaji wetu wa netiboli. Walimu wenzangu wanasema mshika mawili moja humponyoka, kwa hiyo achague mchezo mmoja kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wazee wa huku nao husimulia kwamba kuna Mmarekani mweusi analima kahawa wilayani kwetu, na kwamba baba yake alicheza michezo minne kwa mpigo akiwa chuoni. Je, ni kweli? Aliwezaje, kwa nini akaishia kwenye mmoja, na baada ya michezo aliishije?"

Marahaba, mwalimu. Wazee wako wamesema kweli tupu. Mkulima huyo ni David Robinson, kitinda mimba wa Jackie Robinson. Alihamia Tanzania miaka ya 1980, akafungua shamba la kahawa huko huko Mbozi, kwenye udongo wa arabika, akaungana na wakulima wadogo wa jirani ili kahawa yao ifike Marekani ikiwa na jina lao. Babake ndiye mtu mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani, tarehe 15 Aprili 1947. Hilo ndilo ulimwengu unalolijua. Lakini swali lako linagusa upande ambao hata Wamarekani wengi huupita mbiombio, yaani miaka ya chuo, na mimi ninaupenda zaidi ya ile ya umaarufu.

Nianze na jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema. Katika michezo minne aliyoichezea Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, UCLA, ule aliofanya vibaya kuliko yote ni besiboli. Msimu wa 1940 wastani wake wa kupiga mpira ulikuwa .097, maana yake hata mara moja katika kumi hakufikisha pigo safi. Mchezaji wa wastani hupata mara mbili na nusu hivi. Laiti mwalimu wa wakati huo angemwambia achague kwa kufuata matokeo, besiboli ndiyo ingekuwa ya kwanza kutupwa.

Alizaliwa Cairo, jimbo la Georgia, tarehe 31 Januari 1919, wa mwisho kati ya watoto watano. Wazazi wake walilima mashamba ya mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Baba aliondoka mtoto akiwa bado ananyonya, asirudi. Mwaka 1920 mama, Mallie, alipanda treni na watoto wote watano hadi Pasadena, California, akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu, na baada ya muda akapata nyumba barabara ya Pepper, mtaa ambao majirani walikuwa weupe na hawakuwataka. Huyo mama, kwa maoni yangu, ndiye kocha wa kwanza katika habari hii. Alikataa kuhama.

Kakake Mack alikuwa mkimbiaji. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 alishika nafasi ya pili mita 200, nyuma ya Jesse Owens, kwa sekunde 21.1 dhidi ya 20.7. Alirudi Pasadena na medali ya fedha, na kazi aliyopewa na mji ilikuwa kufagia barabara. Alifagia akiwa amevaa koti lake la Olimpiki. Jackie, kijana wa miaka kumi na saba, aliliona hilo kila siku nyumbani kwao. Tunapouliza kwa nini baadaye alikuwa mkali kwa watu waliosema michezo inatosha kumkomboa mtu mweusi, tumkumbuke Mack.

Kabla ya UCLA alipita Chuo cha Awali cha Pasadena, mwaka 1937 hadi 1939. Tarehe 7 Mei 1938 palikuwa na mashindano ya riadha Claremont na mechi ya besiboli Glendale, siku moja. Akaomba aruke mapema. Akaruka mita 7.78, akavunja rekodi ya vyuo vya awali iliyokuwa ya kakake Mack, akaingia garini, akabadili jezi njiani, akafika Glendale mechi imeshaanza, akacheza, na timu yake ikatwaa ubingwa. Ndani ya miaka hiyo alishaumia pia: mwaka 1937 kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika kwenye mazoezi ya futiboli ya Kimarekani. Kifundo hicho kilimsumbua maisha yake yote, na nitakirudia kwa sababu ya binti yako.

Sasa UCLA. Vyuo vya Marekani humtunuku mchezaji wa timu kuu herufi ya chuo, ya kitambaa, aishone kwenye sweta. Jackie alikuwa wa kwanza katika historia ya UCLA kupata herufi hiyo katika michezo minne: futiboli ya Kimarekani, kikapu, riadha na besiboli. Vuli ya 1939 alijiunga na timu ya futiboli iliyokuwa na weusi wengine watatu, Kenny Washington, Woody Strode na Ray Bartlett, wakati ambapo timu nyingi kubwa za vyuo hazikuwa na hata mmoja. Hawakufungwa msimu mzima: walishinda mara sita na kutoka sare mara nne. Mechi ya mwisho dhidi ya jirani zao USC, kwenye uwanja wa Coliseum, ilitazamwa na watu zaidi ya 100,000 na ikaisha 0-0. Kila alipokabidhiwa mpira msimu huo alisogea kwa wastani wa zaidi ya yadi 11. Wanaoujua mchezo huo watakwambia mkimbiaji anayepata yadi tano anashangiliwa.

Baada ya futiboli, kikapu. Alikuwa mfungaji bora wa kanda ya kusini ya ligi ya vyuo vya Pwani ya Pasifiki misimu miwili mfululizo, 1940 na 1941. Kisha majira ya kuchipua, riadha na besiboli kwa pamoja. Mwaka 1940 akawa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani wa kuruka chini, kwa zaidi ya mita 7.5, huku akiwa amepata muda mchache sana wa kulifanyia kazi shimo la mchanga. Kando ya hayo alikuwa ameshashinda mashindano ya tenisi ya vijana weusi wa pwani ile.

Unaniuliza aliwezaje. Sehemu kubwa ya jibu ni kalenda. Kwenye vyuo vyao misimu inafuatana: futiboli Septemba hadi Desemba, kikapu hadi Machi, kisha riadha na besiboli. Mtu anaweza kutoa moyo wake wote kwa mchezo mmoja, akauweka kando, akachukua mwingine. Ni riadha na besiboli tu zilizogongana, na hapo ndipo alipopata shida. Ule wastani wa .097 una maelezo mengi, lakini mojawapo ni kwamba alitoka kikapuni moja kwa moja akaingia besiboli huku akiruka, bila mapumziko ya kulitengeneza jicho la mpigaji. Na mpigaji wa besiboli anahitaji jicho lililozoea mpira wa kurushwa kila siku.

Hapo ndipo hali ya binti yako inapotofautiana na yake, na ningependa walimu wenzako waione. Kwetu michezo yote inabanwa katika majuma machache kuelekea UMISSETA: netiboli asubuhi, riadha jioni, na mashindano yenyewe yanafanyika mahali pamoja kwa siku zinazofuatana. Mzigo unaomwelemea mtoto unatokana na kucheza michezo mitatu katika wiki ileile, wala si idadi ya michezo yenyewe. Kwa hiyo usimwambie achague. Igawe kalenda. Mwanzo wa mwaka mwache acheze netiboli kwa furaha na kukimbia mara moja kwa wiki. Yakikaribia mashindano, mpunguzie netiboli ibaki mechi peke yake, na mbio na kuruka zichukue nafasi. Mbio fupi na kuruka chini ni ndugu, huwezi kuwa mrukaji bila kasi, basi zihesabu kama zoezi moja. Mpe siku moja au mbili za kupumzika kabisa kila wiki, na usikubali mtu azile.

Chunga magoti na vifundo. Sheria ya netiboli inamlazimu mchezaji asimame papo hapo anapodaka mpira, na huko kutua kwa ghafla kunatesa goti kuliko mbio. Mfundishe kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa kidogo na yakielekea mbele, yasiingie ndani. Kifundo kikivimba, asicheze hadi aweze kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu. Mwaka 1944, miaka saba baada ya kuvunjika, madaktari wa jeshi walikipima kifundo cha Jackie Robinson na kumwandikia kazi nyepesi tu. Kijana wa shule hudhani mguu unasahau.

Turudi kwake. Swali la kwa nini akaishia kwenye besiboli lina jibu la kusikitisha, nami nitalisema wazi: hakuichagua. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mmoja baada ya mwingine. Kuruka chini kungempeleka Olimpiki ya 1940, lakini vita vikaifuta. Futiboli ndiyo ilikuwa fani yake hasa, ila ligi ya kulipwa ya NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu 1934, na hali hiyo ilidumu hadi 1946, weusi waliporejea kupitia wenzake walewale wa UCLA, Washington na Strode, wakiwa wameshapita ubora wao. Kikapu cha kulipwa hakikuwa na ligi ya maana iliyowapokea. NBA iliwapokea weusi mwaka 1950. Besiboli nayo ilikuwa na ukuta wake usioandikwa popote, wa tangu karne ya 19, lakini angalau kulikuwa na Ligi za Weusi zilizolipa mshahara.

Basi mwaka 1941 aliondoka UCLA kabla ya kuhitimu, ikiwa imebaki miezi michache tu. Alisema mama anahitaji msaada wa kipato na kwamba shahada haitamsaidia mtu mweusi kupata kazi. Mama hakutaka aondoke, wala Rachel Isum, mwanafunzi wa uuguzi aliyekutana naye chuoni na aliyekuja kuwa mkewe. Nakuomba usimsimulie binti yako sehemu hii kama ushujaa. Rachel alibaki akamaliza shahada yake mwaka 1945, baadaye akachukua ya uzamili, akafundisha uuguzi wa magonjwa ya akili Chuo Kikuu cha Yale. Tukilinganisha wawili hao, elimu ya Rachel ilidumu zaidi ya miguu ya Jackie.

Alipita huku na huku. Agosti 1941 alicheza Chicago katika timu ya nyota wa vyuo dhidi ya Chicago Bears. Akaenda Honolulu kucheza futiboli ya kulipwa kidogo huku akifanya kazi za ujenzi, na meli yake ya kurudi ikang'oa nanga tarehe 5 Desemba 1941, siku mbili kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa. Mwaka uliofuata akaitwa jeshini. Huko Fort Riley, Kansas, weusi walizuiwa mafunzo ya uofisa hadi bondia Joe Louis, aliyekuwa askari kambini hapo, alipowasaidia kulifikisha jambo juu. Januari 1943 Robinson akawa luteni usu. Tarehe 6 Julai 1944, kambi ya Hood, Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru ahamie viti vya nyuma. Alikataa, maana alijua jeshi limeshapiga marufuku ubaguzi kwenye mabasi yake. Wakamshtaki kwenye mahakama ya kijeshi kwa utovu wa nidhamu. Tarehe 2 Agosti maofisa tisa walimwachia huru. Wakati kesi inaendelea, kikosi chake cha vifaru kilikuwa kinajiandaa kwenda Ulaya; hakwenda nacho, na Novemba akaruhusiwa kuondoka jeshini kwa heshima.

Mwaka 1945 alichezea Kansas City Monarchs wa Ligi za Weusi kwa dola 400 kwa mwezi. Agosti 28 mwaka huohuo aliketi Brooklyn mbele ya Branch Rickey, mkuu wa timu ya Dodgers, aliyekuwa akitafuta mchezaji mweusi wa kuubomoa ukuta. Kwenye Ligi za Weusi walikuwepo waliompita kwa mbali katika besiboli, na baadhi yao waliumia sana alipochaguliwa yeye. Kwa nini yeye? Kwa sababu ya chuo. Rickey alitaka mtu aliyesoma, aliyewahi kuwa ofisa, na zaidi ya yote aliyezoea kucheza pamoja na Wazungu na dhidi ya Wazungu, mbele ya umati mkubwa, bila kutetereka. Zile mechi za futiboli zilizojaza Coliseum zilikuwa zimeshamfanyia usaili. Masharti ya Rickey yalikuwa magumu: asijibu tusi wala pigo. Kwa mtu aliyeshitakiwa jeshini kwa kutokubali kuhama kiti, hilo lilikuwa zito kuliko mazoezi yoyote.

Niseme kidogo kuhusu mchezo wenyewe, kwa kuwa huku haujazoeleka. Mrushaji hurusha kijimpira kigumu kwa kasi. Mpigaji hukipiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Akifika salama ni pointi moja. Kwa kawaida mkimbiaji aliyesimama kituoni husubiri mwenzake apige ndipo asogee. Lakini sheria inamruhusu achomoke wakati wowote, hata mrushaji anapojiandaa, mradi asiguswe na mpira kabla hajafika. Huko ndiko kuiba kituo. Na wizi mgumu kuliko wote ni wa kutoka kituo cha tatu kwenda nyumbani, kwa sababu mpira wenyewe unarushwa kuelekea huko huko unakokimbilia.

Jackie Robinson aliiba nyumbani mara 19 katika maisha yake ya ligi kuu. Besiboli ya Marekani wakati huo ilikuwa imelala kidogo. Timu zilingojea mtu apige mpira mbali, basi. Yeye alikuja na miguu ya michezo mingine. Angetoka kituoni hatua kadhaa, akayumba kama anarudi, akachomoka hatua mbili, akasimama ghafla, akarudi tena, hadi mrushaji akapoteza hesabu ya mpigaji aliye mbele yake. Kule kusimama ghafla na kubadili upande ni futiboli; hakuna kocha wa besiboli aliyemfundisha. Kule kuondoka kwa mlipuko kutoka mahali pamoja ni riadha, ni hatua za mwisho kabla ya ubao wa kurukia. Alipobanwa katikati ya vituo viwili, mahali ambapo wengine hukata tamaa, alikuwa akicheza na walinzi huku na kule mpaka mmoja akosee kurusha, jinsi mchezaji wa kikapu anavyomtoa beki wake nje ya mizani. Wataalamu wa mafunzo hupenda kusema michezo mingi humjenga mtoto, na mara nyingi husema bila kuonyesha. Mimi hutoa mfano huu, kwa kuwa unaonekana kwa macho.

Tena kuna kujifunza. Kabla ya hapo alikuwa amezoea nafasi nyingine uwanjani. Mwaka 1947, akiwa na miaka 28, alipewa nafasi ya kituo cha kwanza asiyowahi kuizoea. Mwaka uliofuata akahamishiwa cha pili. Baadaye cha tatu, na hata eneo la nje la uwanja, mbali na vituo. Kila mahali alifaa. Mtu aliyebadili jezi mara nne kwa mwaka akiwa chuoni haogopi kuwa mgeni.

Matokeo yanajulikana, nitayapitia upesi. Msimu wake Montreal, timu ndogo ya Dodgers, mwaka 1946 aliongoza ligi kwa wastani wa .349. Mwaka 1947 akawa mchezaji mpya bora wa ligi kuu, tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, kwa wastani wa .342 na vituo 37 vya kuiba. Dodgers walifika fainali mara sita akiwa nao, wakashinda moja tu, 1955, dhidi ya Yankees. Katika mechi ya kwanza ya fainali hiyo, akiwa na miaka 36 na mwili ulioshaanza kunenepa, aliiba nyumbani. Mdakaji wa Yankees, yaani mlinzi wa pale nyumbani, Yogi Berra, alilalamika hadi kifo chake mwaka 2015 kwamba alimgusa kwanza. Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na barua za vitisho vya kuuawa, hoteli zilizomkataa huku wenzake wakilala humo, na wapinzani waliomkanyaga kwa viatu vya miiba akiwa kituoni.

Desemba 1956 Dodgers walimuuza kwa mahasimu wao wa mjini, Giants. Alikataa kwenda. Kumbe alikuwa ameshakubali kazi: makamu wa rais wa masuala ya wafanyakazi katika Chock full o'Nuts, kampuni ya kahawa na migahawa ya New York ambayo wafanyakazi wake wengi walikuwa weusi. Wanambozi mtaipenda habari hiyo. Baba alikaa ofisi ya kampuni ya kahawa, mwana akaja kuipanda.

Maisha yake baada ya uwanja yalikuwa miaka 16 tu, na aliyatumia kama mtu anayejua muda ni mfupi. Alizunguka nchi kuchangisha fedha za NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi. Mwaka 1964 alishiriki kuanzisha Freedom National Bank huko Harlem akawa mwenyekiti wake, kwa sababu benki nyingine hazikuwakopesha weusi nyumba wala mitaji. Benki hiyo ilidumu hadi 1990. Mwaka 1970 akaanzisha kampuni ya kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Uwanjani alikuwa ameona mshahara ukiisha na miguu ikiisha, akataka kitu kinachobaki mikononi mwa watu.

Na mwaka 1959, jambo linalotugusa sisi Afrika Mashariki moja kwa moja. Tom Mboya alikuwa amepata nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani kwa vijana wa Kenya, ila hakukuwa na nauli. Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuomba michango kwa Wamarekani. Septemba mwaka huo ndege ikaruka kutoka Nairobi na wanafunzi 81. Sijui wangapi kati ya waliopanda ndege ile waliwahi kuona gongo la besiboli, lakini sehemu ya nauli yao ilitokana na jina lililojengwa nalo.

Hakupatia kila kitu, na heshima yetu kwake haidai tufiche. Julai 1949 alikubali kwenda mbele ya kamati ya Bunge kumpinga Paul Robeson, mwimbaji mkubwa aliyetuhumiwa kwa ukomunisti. Robeson naye alikuwa mwanamichezo wa michezo minne, chuoni Rutgers, kizazi kimoja kabla, na aliwahi kujifunza Kiswahili London. Robinson alisema humo maneno makali dhidi ya ubaguzi, lakini magazeti yalichukua yale ya kumkosoa Robeson. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1972 aliandika kwamba angeombwa tena asingekubali. Mwaka 1960 alimpigia debe Richard Nixon katika uchaguzi wa urais, na hilo pia lilikuja kumuuma.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa nyumbani. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alikua chini ya jina zito. Kila alipogusa mpira alilinganishwa. Alikwenda vitani Vietnam, akajeruhiwa, akarudi na uraibu wa dawa za kulevya. Alipambana, akapona, akaanza kuwasaidia waraibu wengine katika kituo kilichomtibu. Tarehe 17 Juni 1971, akiwa na miaka 24, akafa kwa ajali ya gari. Ukimfundisha mtoto wa mchezaji maarufu, mwalimu, umwite kwa jina lake mwenyewe. David, aliyekuja kwenu, aliamua kuishi mbali na viwanja vya babake, na ninaelewa kwa nini shamba lilimfaa.

Mwili wa Jackie ulichakaa mapema. Muda mfupi baada ya kustaafu aligundulika ana kisukari. Dawa za wakati huo hazikuwa za leo, na ugonjwa ulimla macho, miguu na moyo. Tarehe 15 Oktoba 1972, mjini Cincinnati, alialikwa kwenye fainali za besiboli kuadhimisha miaka 25 tangu aingie ligi kuu. Nywele zilikuwa nyeupe, na macho karibu hayaoni. Alishukuru, kisha akasema atafurahi zaidi siku atakapotazama upande wa kituo cha tatu, anaposimama kocha, na kumwona mtu mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, alifariki nyumbani kwake Stamford, Connecticut, kwa shambulio la moyo. Alikuwa na miaka 53. Meneja mweusi wa kwanza wa ligi kuu, Frank Robinson, ambaye hawakuwa na undugu, aliajiriwa na Cleveland kwa msimu wa 1975.

Rachel hakukaa kuomboleza tu. Mwaka 1973 alianzisha taasisi yenye jina la mumewe inayowasomesha vijana vyuo vikuu, nayo haiishii kulipa ada. Inawafuatilia kwa karibu hadi wahitimu. Mwaka 1997 ligi kuu nzima iliistaafisha jezi namba 42 aliyoivaa Brooklyn, na mwaka 2014 UCLA ikaistaafisha namba hiyo katika michezo yake yote, ingawa yeye mwenyewe futiboli ya chuoni aliichezea akiwa na namba 28.

Kuhusu ziara uliyodokeza mwishoni mwa barua yako, ya kuwapeleka wanafunzi shambani kwa David, mwandikieni kwanza kwa heshima kupitia uongozi wa kijiji na msubiri majibu. Huko ni kwake na ni kazini. Mkikubaliwa, waambieni wanafunzi waandae maswali kuhusu kahawa pia, maana huyo ni mkulima wa miongo kadhaa na ana mengi ya kuwafundisha kwa jina lake. Binti wa kuruka naye nitumie vipimo vyake vya msimu huu, umbali wa kuruka na muda wa mita 100, nikuandalie ratiba ya wiki kwa wiki hadi Juni.